UZI: Blogu yangu ya 2010 ingali hai, lakini rekodi zake zimekufa. Ni kwa nini?

#1 Mwalimu wa Litungu (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Mwaka 2010, nilipokuwa nikifundisha muziki katika shule moja ya upili hapa Nakuru, nilifungua blogu kwenye Blogger nikaanza kuandika kuhusu wapiga litungu (ala ya nyuzi) wa Bungoma na ngoma ya isukuti ya Kakamega, nikiambatisha rekodi nilizozichukua mwenyewe kwa kinasa sauti kidogo cha betri. Kwa kuwa Blogger hupokea picha na video lakini haipokei faili la sauti pekee, nilizipakia rekodi hizo katika huduma nne za kushirikisha mafaili zilizokuwa zikisifiwa wakati ule, kisha nikaweka kiungo chini ya kila makala.

Wiki iliyopita binti yangu aliniomba wimbo mmoja wa kusindikiza bibi harusi. Nilipoifungua blogu nilizikuta makala zote 64, pamoja na maoni ya wasomaji na makosa ya tahajia ambayo sasa yananiaibisha. Katika viungo 64 vya rekodi, vilivyofunguka ni tisa.

Swali langu ni hili: huduma zote zilikuwa za bure, zote za ng'ambo, na zote nilijisajili kwa anwani ile ile ya barua pepe, basi kwa nini maandishi yadumu na mafaili yafe? Na mtu akianza leo, aandikie wapi na aweke mafaili wapi? Kabla hamjaniuliza, sikubaki na nakala. Kompyuta ya shule iliyokuwa nazo iliuzwa pamoja na vyuma chakavu.

#2 Fundi wa Kondele (Kisumu)

Pole, Mwalimu. Jibu ni gharama. Makala ya maneno elfu moja hayafiki hata kilobaiti kumi, ilhali wimbo wa dakika tano katika MP3 ya kawaida unakaribia megabaiti tano, yaani zaidi ya mara mia tano ya uzito wa maandishi, na kila msikilizaji anapoupakua mwenye seva analipia upya njia uliyopitia. Makala husomwa huku matangazo yakiwa pembeni, kwa hiyo hujilipia. Faili hupakuliwa mara moja na mtu akaenda zake. Tazameni RapidShare ya Uswisi, iliyokuwa miongoni mwa tovuti zilizotembelewa mno duniani: ilifungwa tarehe 31 Machi 2015 na kila kilichokuwamo kikafutwa. Blogger imedumu kwa sababu ilizaliwa na Google, na Google ina fedha.

#3 Wakili Asiye na Ofisi (Kakamega)

Ndugu Fundi, ungekuwa umesema kweli kama zingekufa moja moja kwa njaa, lakini nyingi zilitikisika katika juma moja. Januari 2012 serikali ya Marekani iliifunga Megaupload kwa madai ya hakimiliki, na mwanzilishi wake, Kim Dotcom, akakamatwa nyumbani kwake New Zealand. Siku chache baadaye FileSonic ilizuia watu kushirikishana mafaili, kila mtu akabaki na uwezo wa kupakua yale aliyoyapakia mwenyewe tu. Hapo hakuna aliyekuwa akipiga hesabu ya gharama, waliogopa pingu.

Walioumia hawakuwa wezi wa filamu peke yao. Kulikuwa na mfanyabiashara mdogo wa Ohio, kazi yake ikiwa kurekodi michezo ya shule, ambaye alilazimika kwenda mahakamani kudai video zake mwenyewe zilizofungiwa ndani ya seva za Megaupload. Rekodi za Mwalimu huenda zilikumbwa na wimbi hilo hilo, ingawa hapana mtu aliyekuwa akidai hakimiliki ya litungu.

#4 Dada wa Dunga (Kisumu)

Masahihisho kwa #2. Blogger haikuzaliwa na Google. Ilianzishwa mwaka 1999 na kampuni ndogo iliyoitwa Pyra Labs, na Google wakainunua 2003. Na kuwa mikononi mwa Google si kinga: Google Reader ilifungwa 2013, Google+ ikafuata 2019, ilhali mwenye mali ni yule yule na fedha anazo.

Sioni pia kwamba ni kweli kuwa maandishi hudumu. GeoCities ilizimwa 2009, kurasa za watu zikaenda nayo. Posterous ilifungwa Aprili 2013, mwaka mmoja tu baada ya kununuliwa na Twitter. Typepad, iliyokuwa ikilipiwa kwa fedha taslimu, ilizimwa mwishoni mwa Septemba 2025. Mwalimu alichagua jukwaa moja la kuandikia na likabahatika kuishi, kisha akachagua huduma nne za mafaili katika biashara iliyokuwa ikifa. Kama mwaka ule angeandika Posterous, leo angekuwa anatuuliza swali lingine.

#5 Fundi wa Kondele (Kisumu)

Nimekubali kuhusu Pyra Labs, dada, na nina deni la samaki mbuta mmoja kwako. Kuhusu gharama sijarudi nyuma hata hatua moja.

#6 Mkutubi (Vihiga)

Nawasalimu. Nadhani tunazungumzia vifo vya namna tofauti kana kwamba ni kimoja. Kiungo kutofunguka hakumaanishi faili limefutwa. Mara nyingine nyumba ipo na mlango ndio uliohamishwa. Dropbox ilikuwa na folda ya umma iliyotumiwa sana na wanablogu, na Machi 2017 ikawa ya faragha kwa watumiaji wa bure, hivyo viungo vyote vya zamani vikakoma siku moja huku mafaili yakiwa yametulia ndani ya akaunti. Google Drive nayo ilifanya mabadiliko ya usalama Septemba 2021, baadhi ya viungo vikaongezewa ufunguo mpya, na mtu anayekuja kwa anwani ya zamani bila ufunguo huo huelekezwa kuomba ruhusa kwa mwenye faili, ambaye pengine hata barua pepe yake haisomi tena.

Halafu kuna kifo cha kusahauliwa. Huduma nyingi za bure za zamani zilifuta faili lisilopakuliwa kwa muda fulani. Tangu Desemba 2023 Google wenyewe wanaweza kufuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili. Kwa hiyo nakuuliza, Mwalimu, kabla hatujalaumu pingu wala gharama: mara ya mwisho kuingia katika akaunti zile nne ilikuwa lini?

#7 Mwalimu wa Litungu (Nakuru)

Omwami Mkutubi, umenishika pabaya. Sikuwa nimeingia tangu 2013. Jana usiku nilijaribu zote: mbili hazipo tena duniani, ya tatu inasema haiifahamu anwani yangu, na ya nne ilinipokea vizuri, ikanisalimu kwa jina langu, kisha ikanionyesha folda tupu. Basi Fundi, Wakili na wewe kila mmoja ana kipande chake, lakini sijui kila wimbo uliuawa na nani.

Jambo moja linanitatiza katika maelezo yako. Blogu yenyewe sikuigusa tangu 2014, na Google wangeweza kuifuta, wala hawakuifuta.

#8 Mkutubi (Vihiga)

Akaunti ya Google ni moja. Kama unasoma barua pepe zako za Gmail kwa anwani ile ile iliyofungua blogu, akaunti haihesabiwi kuwa imelala. Ulikuwa ukiipalilia blogu yako bila kujua.

#9 Mpishi wa Data (Nakuru)

Mwalimu, nilipita katika darasa lako, na wasiokuwa wamenakili noti ulikuwa ukiwasimamisha nje. Leo tunasikia mwenyewe hukunakili! Nakutania tu, kwa sababu yangu ni mabaya zaidi.

Nilikuwa na blogu ya picha za Ziwa Nakuru kwenye WordPress. Wengi huchanganya hapa, kwa hiyo niseme kwanza: WordPress.com ni huduma ya kampuni ya Automattic, unafungua akaunti na wao wanakutunzia kila kitu, ilhali WordPress yenyewe ni programu ya bure iliyotolewa mwaka 2003, ambayo unaweza kuiweka katika seva yoyote uliyoikodi. Mimi nilitamani uhuru nikachukua njia ya pili. Nilikodi nafasi katika kampuni moja ya hapa nchini, nikawa nalipa kwa M-Pesa kila mwaka, nikajiona mwenye shamba lenye hati. Mwaka wa tatu ukumbusho wa malipo ulikwenda kwenye barua pepe niliyokuwa nimeiacha. Nilipotambua, tovuti ilikuwa imeshafutwa.

Sikutaharuki, kwa maana nilikuwa na faili la XML, yaani nakala ya blogu, nililolitoa miezi michache kabla. Nikafungua blogu mpya, nikaliingiza. Maandishi yote yakarudi, na hata maoni. Picha hazikurudi hata moja, kwa kuwa faili lile hubeba maneno pamoja na anwani za picha, si picha zenyewe, na programu ya kuingiza huzifuata picha kule zilikokuwa. Kule zilikokuwa hakukuwa na kitu. Anayehama na ahame kabla nyumba ya zamani haijabomolewa, na folda ya picha aichukue kwa mkono wake.

#10 Wakili Asiye na Ofisi (Kakamega)

Kwa hiyo wewe hukufa kwa pingu, wala kwa kampuni kufilisika, wala kwa kutoingia. Ulikufa kwa barua pepe. Tuiandike kuwa sababu ya tano.

#11 Kijana wa Kaptembwo (Nakuru)

Mbona watu hawaitaji Mega? Ni ile ile Megaupload iliyobadilishwa jina, na inatoa gigabaiti nyingi bila malipo.

#12 Dada wa Dunga (Kisumu)

Si ile ile, kaka. Kim Dotcom aliizindua Mega Januari 2013, mwaka mmoja kamili baada ya Megaupload kufungwa, lakini ni kampuni nyingine yenye utaratibu mwingine, na yeye mwenyewe aliachana nayo baadaye. Mafaili ya Megaupload hayakuhamia huko. Ilianza kwa gigabaiti 50 za bure, na siku hizi ni 20.

Tofauti kubwa ni kwamba Mega husimba faili kabla halijaondoka katika kompyuta yako, na ufunguo huwa ndani ya kiungo chenyewe, sehemu inayofuata alama ya reli. Ukinakili anwani nusu ukaiweka kwenye blogu, msomaji atafika mlangoni asiweze kuingia. Ukisahau nywila yako na huna ufunguo wa kurejesha, wenyewe hawawezi kukusaidia hata wakitaka. Kwa siri za ofisi ni jambo jema. Kwa nyimbo za harusi sioni faida yake.

#13 Fundi wa Kondele (Kisumu)

Nirudi katika swali la pili la Mwalimu, ambalo tumelikalia. Kwa kuandika, mimi ningebaki Blogger. Haina mapambo mapya na wenyewe wanaonekana kuisahau, lakini unaweza kuiunganisha na anwani yako ya .co.ke bila Google kukudai chochote, nawe ukalipia anwani tu. WordPress.com ya bure ina sura nzuri zaidi, ila nafasi yake ni gigabaiti moja, na ukitaka anwani yako mwenyewe unaingia katika mpango wa kulipia. Medium husomeka vizuri kwenye simu, na mmoja wa waanzilishi wa Blogger, Evan Williams, ndiye aliyeianzisha mwaka 2012. Tatizo ni kwamba makala yako hukaa ndani ya ua wao, na ukiwa katika mpango wao wa malipo, msomaji asiye mwanachama husimamishwa getini.

Kwa mafaili, gigabaiti 15 za Google zinatosha nyimbo, lakini kumbuka kwamba Gmail na picha za simu zinakula sahani hiyo hiyo. Tangu Juni 2021 picha nazo huhesabiwa, na sahani ikijaa hata barua pepe hazipokelewi.

#14 Mkutubi (Vihiga)

Ningeongeza Substack kwa sababu ambayo wengi hawaitaji. Ilianza 2017, na wanaotoza wasomaji ada hukatwa asilimia kumi, lakini faida niionayo mimi ni kwamba makala hutumwa kwa barua pepe: siku Substack ikizimwa, kila msomaji ana nakala katika kikasha chake. Hiyo ni akiba iliyotawanyika, wala hukuilipia.

Kwa rekodi za aina ya Mwalimu, ambazo si siri wala si bidhaa, mahali pake ni Internet Archive ya San Francisco. Ni shirika lisilo la faida lililoanzishwa 1996, linapokea sauti bila malipo, kila rekodi hupewa ukurasa wake wenye maelezo, na msikilizaji anaweza kuisikiliza papo hapo bila kujisajili. Huduma za kushirikisha mafaili zilijengwa kwa ajili ya kupitisha mzigo, kama ghala la bandarini, nasi tukazigeuza makumbusho. Maktaba ilijengwa kwa ajili ya kutunza.

#15 Wakili Asiye na Ofisi (Kakamega)

Hata maktaba huungua, Mkutubi. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi, taarifa za akaunti zaidi ya milioni 30 zikaibwa, na tovuti ikazimwa kwa siku kadhaa. Wachapishaji wa vitabu nao waliwashtaki huko Marekani na kuwashinda. Sisemi isitumike. Nasema isiwe peke yake.

#16 Mkutubi (Vihiga)

Hilo halina ubishi. Hata hivyo, kesi ilihusu vitabu vya kukopesha, na rekodi za watu zilirudi zikiwa nzima.

#17 Mjukuu wa Isukuti (Kakamega)

Samahani kwa kuingilia. Babu yangu alipiga isukuti, na kuna jambo ambalo hamjaligusa. UNESCO iliiweka ngoma hiyo mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Mwalimu alipowarekodi wazee wale, waliambiwa kwamba sauti zao zitasikika duniani kote? Faili lililofichwa nyuma ya kiungo cha blogu ndogo lilisikilizwa na watu wachache. Likiwekwa katika maktaba ya dunia, mtu yeyote anaweza kulichukua na kulitia katika tangazo la sabuni. Baadhi ya nyimbo ni za mazishi, na kwetu haziimbwi ovyo.

#18 Mwalimu wa Litungu (Nakuru)

Umenena, kijana wangu. Niliwaambia ni kwa ajili ya wanafunzi, na wakati ule niliamini hivyo. Wawili kati ya wazee wale nimesikia wametutoka. Nyimbo za mazishi nitaziweka kando hadi nizungumze na familia zao, na zile za harusi na za kulea watoto nitaziulizia pia, ingawa naamini hawatakataa. Lakini tunagawana ngozi na ng'ombe hajapatikana: rekodi zenyewe ninazo tisa tu.

#19 Msomaji wa Webuye (Bungoma)

Nimekuwa nikiusoma uzi huu kimyakimya tangu mwanzo. Japo hunifahamu, Mwalimu, mimi nilikuwa msomaji wa blogu yako tangu 2011. Nilikuwa nikizipakua nyimbo zako katika saiba moja hapa Webuye, ambamo kompyuta zote nane zilitoka nje kwa anwani moja ya intaneti, na kwa kuwa huduma ile iliruhusu upakuaji mmoja wa bure kwa kila anwani, mmoja wetu akipakua wengine saba tuliambiwa tungoje. Tulikuwa tukipeana zamu. Mwenye saiba akanichomea CD mbili, nami bado ninazo. Nimezihesabu leo: kuna nyimbo 31.

#20 Mpishi wa Data (Nakuru)

Huyu apewe kiti! Zitume sasa hivi, ndugu. WeTransfer inaruhusu gigabaiti tatu bila malipo, ila Mwalimu awahi, kwa sababu kiungo cha bure hufa baada ya siku tatu. Au Telegram, faili moja hadi gigabaiti mbili.

#21 Msomaji wa Webuye (Bungoma)

Ningetuma, lakini kompyuta niliyo nayo haina pa kuingizia CD, wala sijamwona mtu mwenye nayo hapa mtaani. Nimezifunga katika kitambaa ndani ya mkebe wa Kimbo, nimempa kondakta wa matatu ya Nakuru. Mwalimu, angalia ujumbe wako wa faragha upate namba ya gari.

#22 Fundi wa Kondele (Kisumu)

Huduma ya kushirikisha mafaili yenye magurudumu kumi na manne ya abiria. Na hiyo, nadhani, bado itakuwa wazi 2040.

#23 Kijana wa Kaptembwo (Nakuru)

Magurudumu ni manne, mzee. Kumi na wanne ni abiria.

#24 Mwalimu wa Litungu (Nakuru)

Mkebe umefika jana jioni. Asante sana, ndugu wa Webuye, na ada ya kondakta nimekurudishia. CD ya kwanza ilisomeka yote. Ya pili ina mkwaruzo, na nyimbo nne zinakwama katikati. Katika zile 31, sita ni miongoni mwa tisa nilizokuwa nazo, kwa hiyo sasa nina 34 kati ya 64, nikizihesabu pamoja na hizo nne zinazokwama. Wimbo wa bibi harusi umo, na ni mzima.

Nimegundua jambo ambalo linanirudisha kwa Mkutubi. Majina ya mafaili ni yale niliyoyapa mimi, mengine ni "wimbo mpya 7" na "mzee wa Chwele tena", na anayejua huyo mzee ni nani, na ni wimbo gani, ni blogu peke yake. Mwenye CD bila blogu asingejua anasikiliza nini.

#25 Mkutubi (Vihiga)

Basi usizipakie popote kabla hujaandika jina la mpigaji, mahali na mwaka ndani ya kila faili. Programu za bure za kuhariri sauti zina sehemu ya kujaza maelezo hayo. Na CD yenye mkwaruzo usiendelee kuilazimisha. Tafuta kisomaji kingine, kwa maana kila kimoja kina macho yake.

#26 Dada wa Dunga (Kisumu)

Ninacho kisomaji cha nje cha kuchomeka kwa USB, na Jumamosi nitakuwa Nakuru. Jaduong' Mwalimu, niambie nikupate wapi. Fundi naye asidhani nimeusahau ule mbuta.